Maziwa Baada ya Maziko

Maziwa ya mama hayangoji habari. Mtoto akishazaliwa na kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizokuwa zikiyazuia wakati wa mimba hushuka ghafla, na siku ya pili au ya tatu, pengine ya nne, matiti hujaa. Hujaa kwa mama aliyempakata mwanawe, na hujaa vilevile kwa mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Mwili haujaambiwa kwamba kumekuwa na maziko. Katika nyumba nyingi za Waswahili siku hiyo ya tatu ndiyo siku ya kuanua matanga: majamvi hukunjwa, sufuria za kuazima hurudishwa kwa wenyewe, wageni huaga mmoja mmoja, na chumbani ameketi mwanamke mwenye kanga iliyolowa kifuani, maziwa yakimtoka kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufukiwa. Akina bibi humfunga kitambaa, humkanda, humwambia yatakauka. Kweli hukauka. Lakini swali yaliloliacha hubaki: mapenzi yaliyoandaliwa kwa ajili ya mtoto yaende wapi, mtoto asipokuwepo?

Swali hilo halimhusu mama wa mtoto mchanga peke yake. Baba aliyekwisha kununua sare za shule hulikuta kabatini. Bibi aliyezoea kuwaita wajukuu wakati wa chakula hulikuta mdomoni, jina moja likiwa limemtoka kabla hajakumbuka. Aliyefiwa na mwana wa miaka ishirini na aliyefiwa na mwana wa siku mbili hawapimani msiba, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kila mzazi anaujua wa kwake. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 watoto milioni 4.9 walikufa duniani kabla ya kutimiza miaka mitano, na milioni 2.3 kati yao hawakumaliza hata mwezi wa kwanza. Kila mmoja wao aliacha mtu aliyebaki na kitu mkononi: kofia ya sufu, kijiko kidogo, kadi ya kliniki ambayo mistari yake mingi haikuandikwa kitu.

Vitabu vya dini havikuuweka msiba huu pembeni. Katika kitabu cha Mwanzo, na katika sura ya Al-Maida ya Qur'ani, kifo cha kwanza duniani ni kifo cha mwana ambaye wazazi wake bado wako hai. Adamu na Hawa hawakuwa na baba wala mama wa kuzika. Mauti waliyajua kwanza kwa mtoto wao, na aliyeua alikuwa mtoto wao pia. Qur'ani inasimulia kwamba muuaji hakujua afanye nini na maiti ya nduguye mpaka alipoletewa kunguru anayefukuafukua ardhi. Binadamu alijifunza kuchimba kaburi kwa kumtazama ndege, na kaburi hilo lilikuwa la mtoto wa mtu. Kwa hiyo imani yoyote inayojengwa juu ya habari hizo ina wajibu wa kusimama mbele ya mzazi aliyefiwa. Ikishindwa hapo, ufasaha wake kwingine kote haumfai.

Jambo la kwanza ambalo imani hulifanya ni kuwapa wafiwa kazi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mtoto aliyezaliwa hai, hata kama alilia mara moja akanyamaza, ana haki zote za maiti: hupewa jina, huoshwa, huvishwa sanda, husaliwa, huzikwa. Mwili mdogo hivyo aghalabu hauhitaji jeneza. Mwanamume mmoja huupakata hadi makaburini na watu wakamfuata. Sala ni ya takbira nne, ya kusimama, haina rukuu wala sijida. Ila dua yake ina tofauti. Maiti mtu mzima huombewa msamaha; kwa mtoto huombwa awe mtangulizi wa wazazi wake na akiba yao, na mizani yao iwe nzito kwa ajili yake. Na udongo ukisharudishiwa, hakuna anayeketi kichwani pa kaburi kusoma talkini, ile inayomkumbusha maiti majibu ya maswali ya malaika. Mtoto hana la kuulizwa. Kwa Wakatoliki nako, mtoto aliyebatizwa huzikwa na padri aliyevaa mavazi meupe, na sala za ibada hiyo hazimwombei maondoleo ya dhambi, kwani hakuishi hadi kuzitenda. Baba anayeshuhudia maziko ya namna hiyo amepewa, kabla ya hotuba yoyote, ushahidi kwamba mwanawe ameondoka bila deni.

Jambo la pili ni ruhusa ya kulia. Wako wanaodhani kuwa machozi ya muumini ni aibu, na wanaume hasa huambiwa wajikaze. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwazika watoto wake wote isipokuwa Fatima. Wa mwisho alikuwa Ibrahim, mwana wa Mariya, aliyefariki mwaka wa 10 wa Hijra akiwa bado ananyonya. Baba yake alimchukua mikononi akiwa anakata roho, na macho yake yakabubujika. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akastaajabu: hata wewe? Mtume akamjibu kwamba machozi hayo ni rehema; jicho hulia, moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Jibu hilo liliyatenga mambo ambayo watu huyachanganya. Jicho lilipewa haki yake, moyo ukapewa haki yake, na ulimi pekee ndio uliowekewa mpaka. Injili ya Yohana nayo inasimulia kwamba Yesu alilia alipoelekezwa kwenye kaburi la Lazaro, ilhali alikuwa karibu kumfufua. Kama machozi yangekuwa upungufu wa imani, aliyejua mwisho wa habari asingelia.

Siku aliyokufa Ibrahim jua lilipatwa. Watu wa Madina wakasema limepatwa kwa msiba wa Mtume. Ilikuwa rambirambi kubwa kuliko zote ambazo mzazi anaweza kupewa, kwamba mbingu zenyewe zimevaa kaniki kwa ajili ya mwanawe. Mtume aliikataa. Jua na mwezi, alisema, ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Halafu akawasalisha watu. Mfiwa anayeona jua likichomoza siku ya pili kana kwamba hakuna kilichotokea, daladala zikipita na muziki wake, jirani akikaanga maandazi kama kawaida, hulichukulia jambo hilo kuwa ukatili. Kisa cha Ibrahim kinaonyesha upande wake wa pili. Ulimwengu ambao haukumlilia mtoto ndio huohuo ambao haukumchukia. Hakuna nyota iliyomwandama, na mama hana sababu ya kuichunguza mimba yake siku kwa siku akitafuta kosa alilolitenda. Katika jamii ambazo kifo cha mtoto bado huamsha minong'ono ya uchawi, ya laana, ya jicho baya la jirani au la mke mwenza, katazo hilo la kuitafuta sababu angani linaweza kuwaokoa watu wengi wasionewe. Imani inayoikataa faraja ya uongo, hata inapoletwa kwa heshima, inastahili kusikilizwa inapoleta faraja yake yenyewe.

Jambo la tatu ni ruhusa ya kulalamika. Washairi wa pwani walizitungia tenzi habari za Ayubu na za Yaakub, baba wa Yusuf, na wasikilizaji walilia kwa sababu walijitambua humo. Yaakub alimlilia mwanawe hadi macho yakaingia weupe. Wanawe wengine wakamwonya kwamba atajiangamiza, naye akawajibu kuwa anamshitakia Mungu huzuni yake, hawashitakii wao. Huyo ndiye Qur'ani inayemtaja kwa subira njema. Basi subira na mashitaka vinaweza kukaa katika kifua kimoja, mradi mashitaka yapelekwe kwa mwenyewe. Ayubu wa Biblia, aliyeangukiwa na habari ya kufa kwa wana saba na mabinti watatu kwa siku moja, alianza kwa kulihimidi jina la Bwana, kisha akabishana naye sura baada ya sura: aliilaani siku aliyozaliwa, alidai kesi yake isikilizwe. Rafiki zake walimtetea Mungu kwa maneno mazuri. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia watetezi wake na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Yeremia naye anamleta Raheli akiwalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa, na hakuna mahali anapokaripiwa kwa kukataa huko.

Hapo ndipo maneno ya wafariji yanapopimwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ulimi wa asiyefiwa huteleza kwa wepesi. Mungu alimpenda zaidi; utapata mwingine; afadhali amekufa mdogo hujamzoea; kazi ya Mola haina makosa. Hili la mwisho ni neno zito la imani likitoka kinywani mwa mama mwenyewe, kwa wakati wake, baada ya usiku anaoujua yeye. Likitoka kinywani mwa mgeni saa moja baada ya maziko, huweza kuwa kufuli la kumnyamazisha. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Na kama kilio kina utaratibu huo, faraja nayo inao. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume alimpita mwanamke anayelia kaburini, akamnasihi amche Mungu na asubiri. Mwanamke, bila kumtambua, akamwambia aende zake, kwani hakufikwa na msiba kama wake. Mtume hakumjibu kwamba yeye amezika wangapi. Alikwenda zake. Na rafiki za Ayubu, kabla ya kukosea, walifanya jambo moja sahihi: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno.

Imani yenyewe imewahi kuwaumiza wazazi, na hilo lazima lisemwe. Kwa karne nyingi Wakristo wa Magharibi walifundishwa kwamba mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo hawezi kumwona Mungu. Wanateolojia wenye huruma walimtafutia mahali pasipo mateso wala utukufu, pakaitwa limbo, na mahali pengi mtoto huyo alizikwa nje ya uwanja uliobarikiwa. Fikra hiyo haikupata kuwa fundisho la lazima, lakini akina mama waliibeba kama hukumu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Kanisa Katoliki ilitoa waraka, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, unaosema kwamba zipo sababu nzito za kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Waraka haukudai kujua. Ulisema unatumaini, na ulitumaini kwa kuutazama wema wa Mungu kwanza na sheria baadaye. Vizazi vya wazazi vilikuwa vimeomba hivyo gizani kabla wataalamu hawajaandika. Machozi yao yalikuwa yamekwisha kuitangulia teolojia.

Ndipo linapofuata jambo la nne, ahadi, na hapo swali la maziwa hupata jibu lake. Imepokewa kwamba Ibrahim alipofariki, Mtume alisema mwanawe ana mnyonyeshaji Peponi. Ahadi hiyo haikuishia katika utukufu wa jumla. Iliingia katika jambo dogo kabisa linalomtesa mama: mtoto aliondoka hajashiba. Kuna anayemnyonyesha. Katika ndoto ambayo Mtume aliwasimulia masahaba, alimwona mtu mrefu bustanini amezungukwa na watoto wengi, akaambiwa ni Nabii Ibrahim na watoto waliokufa katika maumbile yao ya asili. Hadithi nyingine inaeleza kwamba malaika wanapoitwaa roho ya mtoto, Mwenyezi Mungu huwauliza kama wamelitwaa tunda la moyo wa mja wake, na mja huyo amesema nini. Wanapojibu kwamba amemhimidi na kukiri kuwa marejeo ni kwake, huamrishwa wamjengee nyumba Peponi iitwe Nyumba ya Kuhimidi. Mwenye kuuliza swali hilo anajua thamani ya alichokichukua. Na Daudi, aliyefunga na kulala chini muda wote mtoto wake alipokuwa mgonjwa, aliinuka mtoto alipokufa, akaoga, akaenda kuabudu, akala. Watumishi walishangaa. Aliwaeleza kwamba mtoto hatarudi kwake, ila yeye ndiye atakayekwenda kwa mtoto. Safari imebadilika upande tu, haijafutwa.

Kitabu cha Ayubu kina hesabu ambayo wasomaji wa kale waliitafakari sana. Mwisho wake Ayubu anarudishiwa mali maradufu: kondoo elfu saba wanakuwa elfu kumi na nne, ngamia elfu tatu wanakuwa elfu sita. Watoto hawaongezwi maradufu. Anapata tena wana saba na mabinti watatu, idadi ileile. Wako waliosema ni kwa sababu kondoo waliokufa walikuwa wamepotea, na watoto waliokufa hawakupotea. Saba wa kwanza na saba wa pili ndio kumi na wanne. Ufafanuzi huo unamwondolea mfiwa neno la kikatili la kwamba mtoto mwingine ataziba nafasi. Mtoto anayefuata huja na nafasi yake mwenyewe.

Pwani ya Kenya inayo kumbukumbu ya faraja iliyogeuka kazi. Mei 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika kukaa Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Walikwisha kumzika mtoto mmoja wakiwa safarini Abisinia, waliyembatiza Eneba, yaani chozi. Juni Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Julai Rosine alijifungua binti; homa ikamchukua mama, na siku chache baadaye mtoto, Krapf mwenyewe akiwa taabani kwa homa hiyohiyo. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali panapoitwa Nyali leo. Aliwaandikia waliomtuma kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, akalichukulia kuwa ishara ya kuendelea. Mtu anaweza kujiuliza kama ni haki kulifanya kaburi la mwana kuwa bendera. Lakini ukweli ni kwamba alirudi mezani. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mwanzo, alichokianza mezani pamoja na kadhi, ndicho kitabu chenye habari za Adamu na Hawa na kaburi lao la kwanza, habari ambazo Mwislamu na Mkristo wote wawili wanazijua.

Si kila mzazi ana kamusi ya kuandika, lakini njia hiyo iko wazi kwa wote. Mapenzi yaliyokosa mtu wa kuyapokea hutafuta mkondo, na imani huuchimba: sadaka kwa jina la mtoto, karo ya yatima wa rika lake, kisima, hitima, nia ya misa, dua ya kila usiku ambayo zamani ilikuwa ya kumbembeleza. Hayaondoi maumivu. Mwenye kovu usidhani amepoa. Kuna siku za kuzaliwa zinazorudi kila mwaka, kuna wenzake waliocheza naye ambao sasa wanaota ndevu. Wako pia wasioweza kusali kwa miezi mingi, wanaosimama safuni au kukaa kanisani midomo ikiwa imefungwa. Hao hawajatoka katika imani. Sala ya jamaa iliwekwa ili wanaoweza kusema wawasemee wasioweza, na subira ni ufunguo wa faraja hata pale mwenye ufunguo anapokuwa hana nguvu ya kuugeuza mwenyewe.

Imani, basi, haimrudishii mzazi mtoto, wala haimwambii kwa nini yeye na si jirani. Inamhakikishia jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kumhakikishia: kwamba uzazi wake haukufutwa. Mtoto yuko mikononi mwa aliyemwumba, na mzazi bado ana la kumfanyia. Kwa hiyo anapoulizwa ana watoto wangapi, asihesabu walio mezani peke yao. Aseme watatu, mmoja ametangulia. Jibu hilo ni sahihi kwa hesabu ya Ayubu, na hakuna mwulizaji mwenye haki ya kulisahihisha.